Wanaodharau Hedifoni

Iko dharau moja iliyoenea miongoni mwa vijana wapendao muziki katika nchi yetu ya Bomet na Kericho, nami nataka kuipinga katika kurasa hizi. Yasemwa kwamba mtu achanganyaye sauti za wimbo nyumbani kwake kwa kusikiliza kwa hedifoni si fundi, na kazi yake si kazi. Muziki wa kweli, twaambiwa, huchanganywa mbele ya spika za studio, na asiyekuwa nazo na angoje mpaka azipate. Neno hili limesemwa mara nyingi hata likawa kama sheria. Husemwa na wauza vyombo mijini, husemwa na mafundi waliokwisha kujipatia spika zao, husemwa na walimu wengi wa mtandaoni, na mwisho hukaririwa na mvulana wa kidato cha tatu hapa Sigor ambaye hajapata kuziona spika zenyewe ila katika picha. Mimi ni mwalimu, si fundi wa studio. Lakini nafundisha vijana waimbao na wapigao gitaa na kinanda, ambao siku hizi hurekodi kwa simu na kwa kompyuta ya mapajani. Madhara ya sheria hii nimeyaona kwa macho, wala siwezi kuyanyamazia.

Msomaji asiyeijua kazi hii yafaa aelezwe kwanza. Wimbo wa siku hizi aghalabu haurekodiwi kwa pumzi moja. Gitaa hurekodiwa peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake, sauti ya mwimbaji peke yake na sauti za waitikiaji peke yao. Zote zikiisha kupatikana, mtu mmoja huketi akaamua kila sauti iwe kubwa kiasi gani, isikike upande wa kuume au wa kushoto, ipewe mwangwi au isipewe, ipunguzwe uzito wake wa chini au ukali wake wa juu. Kuamua huko ndiko kuchanganya. Ni kazi ya hukumu, na hakimu wake ni sikio. Ugomvi wetu ni juu ya shahidi: sikio hilo liletewe habari na nani? Na spika mbili zilizowekwa mezani mbele ya fundi, au na vispika viwili vidogo vilivyofunika masikio yake?

Nakubali bila ubishi kwamba spika nzuri za studio, katika chumba kilichotayarishwa vema, ni shahidi bora. Spika za sebuleni aghalabu hutengenezwa zipendeze, kwa hiyo huipamba sauti. Spika za studio hutengenezwa ziseme ukweli, hata ukweli usiopendeza. Mwenye uwezo wa kuwa nazo, na chumba chake pamoja nazo, na azitumie kwa furaha. Lakini tukumbuke mzigo huu ulikuwa wa nani zamani. Mjini Kericho palikuwa na Chandarana, duka na studio iliyowarekodi waimbaji Wakipsigis, Wajaluo na Waluhya na kuzitoa nyimbo zao katika santuri. Mwimbaji wa miaka ya 1970 alikwenda huko na gitaa lake na koo lake. Vyombo vya kusikilizia vilikuwa shauri la mwenye studio. Leo kijana ni mwimbaji, mpigaji, mrekodi, mchanganyaji na mwuzaji kwa wakati mmoja, na kila anayemshauri humwongezea kitu cha kununua.

Basi tuitazame spika ndani ya chumba, kwa maana spika haisemi peke yake. Husema pamoja na chumba. Chukua chumba ambacho kijana wa hapa hupewa na wazazi wake kando ya nyumba kubwa: mita 3 kwa mita 3, kuta za matofali au mawe, sakafu ya saruji, mabati juu, pengine bila dari. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Uzi wa A wa gitaa la besi hutetema mara 55 kwa sekunde. Gawanya, msomaji, kama ulivyofundishwa katika fizikia: wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 6 na kidogo. Nusu yake ni kama mita 3, yaani upana wa chumba chenyewe. Wimbi likigonga ukuta hurudi, na likirudi hukutana na lile lijalo. Karibu na kuta mawimbi hayo huongezeana nguvu. Katikati ya chumba huuana. Na kwa kuwa chumba ni mraba, jambo hilo hutendeka mara mbili, kwa urefu na kwa upana, katika sauti ile ile. Aliyeketi katikati haisikii besi hiyo, hali ndugu yake aliyesimama mlangoni aona mlango unatetemeka.

Sasa fikiri hukumu itakuwaje. Namjua kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye baba yake aliuza mtamba ili anunue jozi ya spika za studio. Mtamba si kitu kidogo nyumbani kwa mkulima. Ni maziwa ya miaka ijayo na ni karo ya wadogo zake. Kijana akazipanga spika mezani, akaketi katikati ya chumba kama alivyofundishwa, akachanganya wimbo wa harusi. Besi hakuisikia vema, akaiongeza. Haikumtosha, akaiongeza tena. Wimbo ulipopigwa katika matatu iendayo Bomet, besi ilifunika gitaa, ikafunika bibi harusi na bwana harusi na majina ya wazee wao, na kabla ya ubeti wa pili dereva alibadilisha wimbo. Wale wale waliomwambia anunue spika sasa walimwambia anunue sponji za kubandika ukutani. Mwingine, mwenye huruma zaidi, alimshauri abandike trei za mayai. Msomaji atajiuliza mwenyewe sponji ya unene wa vidole viwili itafanya nini mbele ya wimbi la mita 6. Hupunguza ukali wa juu, na wimbi la besi hupita kama ng'ombe apitavyo katika ua wa majani.

Huyo ndiye shahidi tunayehimizwa kumwuzia mifugo. Sisemi spika zake zilikuwa mbovu, zilikuwa nzuri. Chumba ndicho kilichosema uongo, na spika nzuri haina namna ya kukikanusha. Sijataja bado mvua ya alasiri juu ya mabati, ambayo katika miezi ya mvua hunyamazisha hata mwalimu darasani, wala wadogo waliolala chumba cha pili, wala umeme ukatikao usiku kazi ikiwa nusu. Hedifoni hazikijui chumba hicho. Huingiza sauti sikioni moja kwa moja, nazo zikiwa za aina ifunikayo sikio lote huipunguza na mvua yenyewe. Mwenye nazo huweza kufanya kazi saa nne za usiku kwa nguvu ya betri ya kompyuta, bila kumwamsha mtu na bila kuulizwa na jirani kama kuna msiba.

Na isifikiriwe kwamba hedifoni ni kitu cha mchezo kilichoingia katika kazi hii kwa bahati. Mwamerika Nathaniel Baldwin alizitengeneza jikoni kwake huko Utah, na kufikia mwaka 1910 jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa likizinunua kwake kwa kazi ya simu za upepo. Ni mwaka 1958 ndipo John Koss wa Milwaukee alipotoa hedifoni za kusikilizia muziki kwa masikio mawili, kila sikio na upande wake. Chombo kilichozaliwa jikoni leo chadharauliwa kwa sababu chatumiwa chumbani!

Kila shahidi ana kasoro zake, na mimi sitaki kijana aingie katika kazi hii kwa kudanganywa nami pia. Mtu asikilizapo spika mbili, spika ya kuume husikiwa na sikio la kuume kwanza, kisha na la kushoto, kwa kuchelewa kusikofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa ucheleweshaji huo mdogo ubongo hujua sauti itokako. Hedifoni hukata njia hiyo: cha kuume hubaki kuume, cha kushoto hubaki kushoto, na kilicho katikati huonekana kama kimo ndani ya kichwa. Kwa hiyo gitaa lililosukumwa upande mmoja huonekana liko mbali mno kuliko litakavyosikika sebuleni. Mwangwi mdogo husikika waziwazi kwa hedifoni, na fundi huona umetosha, kumbe katika chumba cha watu hautasikika kabisa. Besi nayo haipigi kifua. Husikiwa tu, na asiyeguswa kifuani huweza kukosea kiasi chake. Tena hakuna hedifoni mbili zisemazo sawasawa: nyingine huzidisha besi ili ziuzike, nyingine hukata sikio kwa ukali wa juu.

Hayo ni makosa ya kweli. Lakini angalia tabia yake. Kosa la hedifoni ni lile lile leo na kesho, hapa Sigor na huko Nairobi. Ukiisha kulijua, waweza kulipigia hesabu, kama mtu ajuaye kwamba saa yake huenda mbele dakika tano. Kosa la chumba hubadilika ukisogeza kiti hatua moja. Kati ya mashahidi wawili wenye kasoro, mimi humchagua yule ambaye kasoro yake naijua.

Wapinzani wangu hupenda kutaja studio kubwa za Ulaya na Marekani. Vema, twende huko. Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ilitoa spika ndogo iitwayo NS-10. Ilikusudiwa kwa sebule za watu wa kawaida. Nyumbani haikusifiwa sana, lakini mafundi wa studio waliichukua, wakaizoea, wakajua kila udhaifu wake, hata ile koni yake nyeupe ya karatasi ikawa alama ya studio duniani. Hawakuipenda kwa uzuri wa sauti yake. Waliipenda kwa sababu wimbo uliosikika vema kwayo ulisikika vema popote. Wala hedifoni hazikosi watetezi miongoni mwa wakubwa. Andrew Scheps, Mwamerika aliyechanganya nyimbo za Adele na za Red Hot Chili Peppers, ameeleza hadharani kwamba siku hizi huchanganya kwa hedifoni za Sony MDR-7506, ambazo zilitolewa mwaka 1991 na ambazo si za bei ya wafalme. Nitajibiwa kwamba yeye alifundishwa kwa spika miaka mingi kabla ya kufika hapo. Ni kweli. Basi kama masikio yaliyofunzwa ndiyo yaliyompa ruhusa, tuwafunze vijana masikio, na mtamba abaki zizini.

Kufunza sikio hakuna uchawi. Kijana na achukue nyimbo tano au sita ambazo amezisikia mahali pengi, katika matatu, kanisani, redioni, harusini, nyimbo zilizothibitika kusikika vema kote. Na azisikilize kwa hedifoni zake kwa siku nyingi, kwa sauti ya kiasi, akijiuliza: mwimbaji yu mbele ya ngoma kiasi gani? Besi imetoka kiasi gani? Kinanda kimekaa wapi? Akiwa anauchanganya wimbo wake, na aurudie mmoja katika hizo kila baada ya muda mfupi, kama fundi seremala arudiavyo kuweka kipimo juu ya ubao.

Nimesema kwa sauti ya kiasi, na hapa sina mzaha. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, saa hizo zapungua zikawa 4 tu. Kijana achanganyaye muziki kwa sauti kubwa usiku kucha anaiuza siku moja hazina ambayo spika, hedifoni na daktari hawawezi kumrudishia. Kama masikio yako yalia baada ya kuvua hedifoni, ulikwisha kupita mpaka. Katika neno hili naungana na wapinzani wangu wote.

Lakini jambo lililonishikisha kalamu ni kubwa kuliko hesabu ya mawimbi. Ni nani asikilizaye nyimbo hizi? Mchumaji wa majani ya chai huko Mogogosiek au Kimulot huanza kazi asubuhi na mapema, kikapu mgongoni, simu mfukoni, na wimbo hutoka katika kispika kilicho kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mama akamuaye ng'ombe hutundika redio ndogo penye nguzo ya boma. Abiria husikiliza spika ya matatu iliyokwisha pasuka upande mmoja. Mkutanoni na msibani ni tarumbeta za bati juu ya gari. Hawa ndio hadhira yetu, na wimbo usipowafikia hao haukufika. Spika za studio zenye thamani ya mtamba hazipo katika hata nyumba moja ya hizo.

Kispika cha simu hakiwezi kutoa mtetemo wa mara 55 kwa sekunde. Hakina kifua hicho. Lakini besi ina vitetemo vya juu vinavyofuatana nayo, 110, 165, 220 na kuendelea, na sikio likivipata hivyo hujijazia lenyewe kile cha chini kilichokosekana. Fundi ajuaye hivyo huhakikisha kwamba vitetemo vya juu vya besi vyasikika, na mchumaji wa chai huipata besi ambayo simu yake haikuitoa. Tena simu nyingi za bei ndogo na redio ndogo hutoa wimbo wote kwa kispika kimoja. Kuume na kushoto huunganishwa, na sauti zilizopambwa kwa hila za kupanuliwa huweza kuuana kabisa katika kuungana huko. Nimepata kusikia waitikiaji wa kwaya nzima wakipotea hivyo. Kujaribu wimbo kwa kuunganisha pande zote mbili ni kubonyeza kitufe kimoja katika programu. Haidai spika. Yadai unyenyekevu wa kukumbuka kwamba asikilizaye hana hedifoni, wala hana studio.

Tena kuna lugha. Kikipsigis ni lugha ya toni. Nomino ile ile, kwa kupanda au kushuka kwa sauti tu, huonyesha kama ndiyo iliyotenda au ndiyo iliyotendewa. Masikio yasiyozaliwa katika lugha hii hayaoni kitu hapo. Kijana aliyeambiwa kwamba kazi ya chumbani ni aibu hufanya moja kati ya mawili: hungoja, au huupeleka wimbo wake mjini kwa fundi mwenye spika. Fundi huyo huenda akawa mtu hodari sana, lakini kama hajui neno hata moja la lugha, sauti ya mwimbaji kwake ni ala kama ala nyingine. Huishusha chini ya kinanda, kwa kuwa kinanda humpendeza. Huizamisha katika mwangwi. Hukata pumzi za mwisho wa maneno. Wimbo hurudi nyumbani uking'aa, na mzee aliyeutunga hausikii. Nipe mchanganyaji mwenye hedifoni za kawaida ambaye huelewa kila neno, kuliko huyo na spika zake zote.

Na anayengoja, hungojea nini? Msomaji huenda amesikia habari za Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, wakati Bomet ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Kericho. Aliwarekodi Wakipsigis wakiimba juu ya mtu waliyemwita Chemirocha, jina walilolipata kwa kusikia santuri za Mwamerika Jimmie Rodgers, aliyekufa mwaka 1933 na ambaye nchi hii hakuiona kamwe. Katika sahani hizo wamo wasichana waliomwimba, na kinubi chetu kikivuma chini yao. Hapakuwa na chumba kilichotayarishwa. Hapakuwa na kurekodi kila sauti peke yake wala kuchanganya baadaye. Uzani wote uliamuliwa papo hapo, kwa mahali pa maikrofoni na mahali pa waimbaji, na kwa sikio la mtu mmoja aliyejua anachokitafuta. Sauti zile zilizunguka dunia, zikahifadhiwa Afrika ya Kusini, na baada ya zaidi ya miaka 60 zikarudishwa kwa Wakipsigis. Walipatikana hata baadhi ya walioimba mwaka ule, wakazisikia sauti za ujana wao.

Laiti Tracey angalisema, "Sirekodi mpaka nipate chumba kizuri," leo tungalikuwa na nini? Nauliza kwa sababu swali hili lipo vijijini mwetu sasa hivi. Wapigaji wa kibugandet waliobaki ni wazee. Bibi zetu wajuao nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za kusaga wimbi na nyimbo za arusi za zamani hupungua kila mwaka, na kila kaburi huzikwa nyimbo zisizoandikwa popote. Mwenye simu ya kurekodia na hedifoni za shilingi chache angaliweza kuwaketisha jioni moja tu. Hakufanya hivyo, kwa kuwa alisoma mahali kwamba vyombo vyake si vya kitaalamu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawa wamefundishwa kuchagua jembe mpaka msimu ukapita.

Najua nitaambiwa ninawafundisha vijana kuridhika na duni. Siwafundishi hivyo. Kazi mbaya iliyofanywa kwa hedifoni ni kazi mbaya, na mimi huwa wa kwanza kumrudishia mwanafunzi wimbo wake. Lakini nimrudishiapo humwambia kosa liko wapi katika wimbo. Simwambii kosa liko katika mfuko wa baba yake. Kuna ukatili katika desturi ya kumwambia mtoto wa maskini kwamba kipawa chake kitaanza kuhesabiwa siku atakapokuwa na mali. Biashara ya vyombo haidhuriki na desturi hiyo, yanufaika nayo. Kwaya za kanisa hununua spika kubwa kuliko jengo, na waimbaji hawajajua bado kusimama mbali na maikrofoni.

Basi wewe usomaye, kama una wimbo uliorekodiwa ukalala katika simu yako kwa aibu ya vyombo, utoe. Vaa hedifoni ulizo nazo. Anza na sauti ya mwimbaji peke yake, kisha uingize ala moja moja, na kila iingiayo uiulize kama imemfunika. Pumzisha masikio kila saa. Lala, usikilize tena asubuhi, maana sikio la usiku hudanganyika. Kisha uvue hedifoni, uunganishe pande zote mbili, uucheze wimbo kwa simu ndogo kuliko zote nyumbani, nje, penye upepo na kuku. Mwite kogo, umwombe akuambie mwimbaji amesema nini, neno kwa neno. Usimsaidie. Asipoweza kulirudia neno la ubeti wa pili, ingia ndani, vaa hedifoni tena, ushushe kinanda.